Uzi mnene wa kuvua bass ulivyotaka kunizamisha kwenye bwawa la shamba la kahawa, Tetu

Wakuu, nawasalimu wote, wa milimani na wa mabondeni. Mimi hapa kundini ni msomaji tu, nasoma na kupita. Leo nimeshindwa kupita.

Juzi kijana mmoja aliuliza anunue uzi gani, ndio anaanza kujifunza kuvua bass, yule samaki wa mdomo mkubwa. Nikasoma majibu. Karibu nyote mlimwambia kitu kimoja: chukua ile nzito kabisa, braid, ya kusokotwa, isiyokatika, ndio samaki asikutoroke.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini nikaanza kuandika.

Nitawaambia kwa nini, na nitasema vile ilikuwa. Hii stori haihitaji kuongezwa chumvi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mama, wa hapa Nyeri. Ilikuwa miaka ya themanini, nikiwa bado msichana, nimetumwa kufundisha primary moja upande wa Tetu, mbele kidogo ya Wamagana. Chini ya shule kulikuwa na shamba kubwa la kahawa, na katikati ya shamba kulikuwa na bwawa.

Wale wazungu waliolima hapo kabla ya uhuru ndio waliochimba hilo bwawa na kutia samaki. Wao walienda, shamba likawa la society ya wakulima, samaki wakabaki. Hakuna mtu aliwagusa. Nyinyi vijana mnakula tilapia kila wikendi, hamwezi kuelewa. Wakati huo kwetu samaki alikuwa kitu ya kuangaliwa tu. Nyanya yangu alikuwa akisema samaki na nyoka ni ndugu.

Na maji yenyewe yaliogopwa kuliko samaki. Sisi watu wa milima hatuogelei. Mto tunauvuka kwa daraja, na daraja likivunjika tunangoja lijengwe. Hilo bwawa lilikuwa limeshameza ng'ombe wa watu, na kila mama pale alikuwa amewaambia watoto wake kwamba yale maji yanavuta.

Mimi pia niliamini yanavuta. Nilikuwa na cheti cha ualimu na bado niliamini.

Sasa, hapo shuleni kulikuwa na mwalimu mwenzangu, Salma. Alizaliwa Majengo, Nyeri mjini, Mwislamu, mama yake wa hapa na baba yake ametoka mbali. Huyo baba alikuwa mpishi kwenye camp ya wavuvi huko juu karibu na mlima. Hakupata mtoto wa kiume, so alifundisha wasichana wake kuvua. Salma alijua trout, alijua bass, alijua kufunga ndoano akiwa anaongea mambo mengine kabisa.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mcheshi. Alikuwa na desturi ya kufunga leso juu ya sketi akitoka darasani. Kumbukeni hiyo leso.

Jumapili mimi nikitoka ibada ya kwanza, yeye alikuwa ananingoja kwa gate ya shamba na fimbo zake mbili za kuvulia na rili za kuzungushia uzi. Mlinzi alituachilia tu, alifikiri tuna wazimu.

Siku za kwanza nilikaa mbali na maji, juu ya ukuta wa bwawa, nikitazama. Salma alirusha kijiko chake, kile chambo cha chuma chenye ndoano, kule kwenye miti iliyozama, akakirudisha polepole, na kumbe chini kuna kitu inangoja. Bass hadonoi kama samaki wengine. Anapiga. Fimbo inapinda, maji yanapasuka, yeye anaruka nje mdomo wazi kama ndoo, anatikisa kichwa.

Nilivyoona hivyo mara ya kwanza, uoga na tamaa viliniingia pamoja. Wavuvi mnajua hiyo hisia.

Nikamwambia nifundishe.

Alinifundisha na uzi wake mwenyewe, nailoni nyembamba ya 8lb, yaani ya kubeba ratili nane. Ilikuwa laini, inakubali fundo, inaruka vizuri kutoka kwa rili. Ikikaa vibaya tunakata na meno tunaanza upya. Hiyo mambo ya meno ndio ilifanya hatukuwa tunabeba kisu. Hatukuwahi kukihitaji.

Shida yangu ilikuwa moja. Nilipoteza samaki. Nikishika mmoja mzuri, navuta kwa nguvu kama mtu anavuta mbuzi, pap, uzi umekatika. Salma ananiambia, "Mwalimu, mpe nafasi. Mwache akimbie, achoke." Mimi sikuweza kumpa nafasi. Nilikuwa nataka atoke kwa maji na mimi nitoke kwa maji.

Basi mwisho wa mwezi nikaenda Nyeri mjini, nikaingia duka moja la hardware lililokuwa linauza vitu vya uvuvi kwa shelf ya nyuma. Nikamwambia muuzaji nataka uzi wa samaki usiokatika.

Akanitolea nailoni nene, ya kijani, ngumu kama waya. Akaniambia hiyo ni ya samaki wakubwa wa kule ziwani, watu wawili wakivutana nayo wataanguka wao kwanza.

Nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshika hiyo kitu kwa mkoba kama dawa.

Salma alipoiona hakufurahi. Aliipitisha kwa vidole akaniambia, "Hii si ya bass. Hii ni ya kufunga ndama."

"Lakini haikatiki," nikasema.

"Ndio maana."

Sikuelewa. Nilifikiri anaona wivu, kwa sababu sasa nitamshinda. Lakini alikuwa mtu mpole, akanisaidia kuijaza kwa rili. Haikutaka hata kuingia, ilikuwa inaruka nje kwa mizunguko kama spring ya kitanda.

Jumapili hiyo palikuwa kimya. Msimu wa kuchuma ulikuwa umeisha, hakuna mtu shambani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ule udongo wetu mwekundu ulikuwa unateleza kama sabuni.

Nikasimama kwenye ukuta wa bwawa, upande wa maji marefu. Salma alikuwa ameenda kona ya pili, upande wa majani.

Nilirusha vibaya. Uzi mnene haurushi mbali, ulitoka kwa rili ukiwa umejikunja, kijiko kikaanguka karibu tu, kikazama, kikanasa. Nikajua ni kisiki. Pale chini kulikuwa na miti ya zamani iliyokatwa kabla maji hayajajazwa, mingine ilikuwa imeng'oka na kukaa tu hapo kwenye mteremko.

Na uzi mwembamba ningevuta mara moja, ukatike, nifunge kijiko kingine. Siku hiyo sikuwa na kijiko kingine. Na nilikuwa na uzi usiokatika.

Nikaweka fimbo chini. Nikashika uzi, nikauzungusha kwa mkono wa kulia, kwenye kiganja na kifundo, mara kadhaa, ndio nipate kushika vizuri. Nikaegemea nyuma nikavuta kwa mwili wote.

Kikatikisika. Nikasikia kabisa kitu kikubwa kimesogea huko chini. Nikavuta tena, kikaja kidogo upande wangu. Nikafikiri nimeshinda.

Halafu kikabingirika.

Sijui niwaelezeje. Kisiki kilitoka mahali kilikuwa kimekaa, kikaanza kuteremka kwenda kwenye maji marefu, na mkono wangu ukaenda nacho. Miguu iliteleza. Sikupata hata nafasi ya kupiga kelele. Niliingia kwa maji kama mtu ameitwa.

Baridi ya maji ya mlima, wakuu. Kifua kilifunga.

Nilizama mzima, halafu mkono wa kushoto ukashika majani yaliyokuwa yanakua kwenye ukuta. Kichwa kikatoka. Maji yalikuwa yananifika kwa kidevu. Chini ya miguu hakukuwa na chini, kulikuwa na matope laini kama uji, kila nikikanyaga yanateremka.

Na mkono wa kulia ulikuwa umenyooshwa ndani ya maji, kuelekea gizani, na kuna kitu kimeushika.

Nilijua ni kisiki. Kichwa kilijua. Lakini mwili wangu wote ulikuwa unaniambia ni yale maji, yale tuliyoambiwa tukiwa watoto, yananivuta. Nikaanza kupiga miguu, na kila nikipiga, uzi unaingia kwa nyama zaidi na majani yananing'okea mkononi moja baada ya jingine.

Niliita Salma. Nafikiri niliita. Yeye anasema alisikia kitu kama ndama.

Alikuja akikimbia. Alilala kifudifudi kwenye ukuta, akanishika kwa kola ya sweta, akavuta. Nikapiga kelele aache, kwa sababu uzi ulikuwa unakata mkono. Kweli ulikuwa unakata. Maji yalianza kuwa na rangi.

Akaacha kuvuta lakini hakuachilia.

"Ni nini imekushika?"

"Uzi. Uko kwa mkono. Kuna kisiki."

Akatia mkono ndani ya maji, akapapasa, akafika kwa kifundo changu. Uso wake ulibadilika. Uzi ulikuwa umezama kwa ngozi, umekazwa kama waya wa gitaa. Akavuta mkono wangu juu kadiri ya kufika, akainamisha kichwa ndani ya maji, akajaribu kuuma.

Aliuma, akatoka akakohoa, akauma tena. Ile nailoni haikuwa ya meno. Alitoka na damu kwa midomo na uzi haukuwa hata na alama.

"Hakuna kisu?" nikamuuliza, na nilijua hakuna.

Akaangalia upande wa gate. Nilimwona akipima. Gate ilikuwa mbali, nyumba ya mlinzi mbali zaidi. Majani niliyoshika yalikuwa yameanza kulegea.

Nikamwambia, "Salma, usiniache."

"Siendi mahali."

"Usiende kutafuta kisu."

"Nimesema siendi."

Akafungua leso kiunoni. Akaipitisha chini ya makwapa yangu, akaifunga kwa nyuma, akashika ncha kwa mikono miwili. Halafu akashuka, akakaa kwenye ukingo, miguu ndani ya maji mpaka magotini, visigino vimechimba kwenye udongo. Alikuwa anapumua kama mtu amepanda mlima.

Akaongea polepole, ile sauti ya kuongea na darasa la kwanza.

"Wangui, niangalie mimi. Usiangalie maji. Mimi nikikuvuta juu, uzi unakaza. Si ndio?"

"Ndio."

"So hatuwezi kwenda juu. Inabidi uifuate hiyo kitu. Uteremke kidogo, uzi ulegee, uzungushe utoe na mkono ule mwingine. Mimi nimekushika na leso."

Alikuwa ananiambia niachilie majani. Niende ndani, nizamishe kichwa, nielekee mahali ninavutwa.

"Siwezi."

"Najua."

"Salma, siwezi."

"Majani inaisha, Wangui."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimebaki na kakonzi kadogo.

Nimezaa watoto, nimezika mume, nimelala hospitali nikiambiwa huenda nisiamke. Hakuna siku nimeogopa kama dakika hiyo ya kufungua vidole vya mkono wa kushoto.

Nilivifungua.

Mara ya kwanza sikufanya lolote. Maji yalifunika macho, masikio yakajaa ngurumo, nikaparamia juu kama paka. Leso ikanipandisha, uzi ukakaza tena, nikamsikia Salma akiguna kwa uzito. Aliteleza kidogo. Nilisikia udongo ukimomonyoka chini yake.

"Tena," akasema. "Vuta pumzi. Ukiwa chini usifikirie kutoka. Fikiria uzi peke yake."

Nikarudi chini.

Macho niliyafunga. Nikaufuata mkono wangu kama mtu anafuata kamba gizani. Nikateremka, na kweli, ile kitu iliyokuwa inaniuma ikaacha kuuma. Uzi ukalegea. Nikaupata kwa vidole. Mzunguko wa kwanza ulitoka, wa pili ulikuwa umekwama kwenye ngozi, nikauchimba na kucha. Kifua kilikuwa kinawaka. Nikachimba. Ukatoka, na ile mingine ikafuata kwa pamoja kama soksi.

Mkono ulipokuwa huru sikujua niende wapi. Sikujua juu ni wapi. Leso ndiyo ilijua.

Salma alinivuta mpaka tumboni mwake, tukarudi nyuma pamoja kwa visigino na viwiko mpaka kwenye majani makavu. Nilitapika maji. Nikalala nikaangalia mbingu, mkono unavuja damu kwa sketi yangu ya kanisa.

Baadaye kidogo nikamuuliza, "Wewe unajua kuogelea?"

"Sijui," akasema.

Ndipo akaanza kutetemeka. Meno, mabega, kila kitu. Alijaribu kusimama akashindwa. Mimi niliyekuwa nimetoka kuzama ndiye nilimshika kiunoni tukatembea mpaka kwa mlinzi.

Mlinzi alitukatia kitambaa, akanipeleka kliniki kwa baiskeli. Daktari alishona. Vidole viwili vilikaa muda mrefu bila kusikia kitu, nikashika chaki kama mtoto wa nursery. Alama bado ninayo kwenye kifundo, nyeupe, kama bangili.

Lakini mkono ulipona kabla ya uoga. Sikuweza kuosha uso kwenye karai, nilitumia kitambaa chenye maji. Sweta ikishikwa na msumari wa mlango nilikuwa napiga kelele, watoto darasani wanacheka halafu wananyamaza wakiona uso wangu. Mama yangu alikuja kutoka Kangema, akakaa nami, akasema tu, "Nilikuambia samaki ni wa wenyewe." Sikubishana naye.

Kwenda shuleni nilizunguka njia ya mbali ili nisione bwawa.

Muhula uliofuata Salma alipata transfer, Mwea, shule iliyokuwa katikati ya mashamba ya mpunga. Kabla ya kuhama alikuja kwangu jioni, ameshika kitita kipya cha 8lb.

"Sitaki kukuacha na hii uoga," akasema. "Hatuendi kwa maji. Njoo nje tu."

Alifunga uzi kwenye nguzo ya kamba ya nguo, akafunga kitambaa mkononi mwangu, akazungusha uzi juu ya kitambaa. Akaniambia nivute.

Nililia kabla sijavuta. Jasho lilinitoka. Aliningoja.

Nikavuta, pap, ukakatika.

"Tena," akasema.

Tulifanya hivyo mpaka giza likaingia, kuku wamelala, majirani wamesimama kwa ua wakishangaa walimu wawili wanavutana na nguzo. Mara ya mwisho nilivuta bila kufunga macho.

Jumapili nilienda naye bwawani. Nilikaa mbali na ukingo, mahali pakavu, na kisu kwa mfuko. Hata kushika rili ilikuwa kazi. Nilirusha karibu na ile miti nikiomba Mungu samaki asiume.

Aliuma. Alikuwa mkubwa, wakuu, mkubwa kuliko wote niliowahi kuona pale. Aliruka mara moja, nikamwona mzima, mgongo wa kijani na tumbo jeupe, halafu akageuka akateremka kwenye visiki. Fimbo ikainama. Nikasikia uzito ule ule, ukienda upande ule ule, kwenye maji marefu.

Uzi ukakatika.

Fimbo ikanyooka ikawa nyepesi mkononi. Salma alishika kichwa, akasema, "Wangui, huyo alikuwa chakula cha familia nzima."

"Aende," nikasema.

Nilikaa chini kwenye majani nikacheka mpaka machozi. Yeye alifikiri nimechanganyikiwa. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimesikia uzi ukiniachilia.

Basi wakuu, hilo ndilo nimejifunza. Anayeanza bass achukue nailoni ya kawaida, mono, nyembamba, 8lb hivi, hata kumi kama kuna majani mengi. Inavutika kidogo samaki akipiga, kwa hivyo inasamehe mkono mgeni. Inafungika kirahisi. Fluoro, ule uzi usioonekana majini, ni nzuri lakini ni ngumu, itamsumbua na mafundo. Braid aiache mpaka mkono uwe na akili, kwa sababu haikatiki, na kitu kisichokatika kitatafuta kingine cha kukata.

Uzi usizungushwe mkononi hata siku moja. Ukinasa, uzungushwe kwa kipande cha mti. Kisu kikae kwa mfuko, kisikae kwa mkoba ulio mbali. Na mtu asiende peke yake.

Samaki akipotea ni samaki tu amepotea.

Mimi na Salma tuliendelea kutembeleana mpaka tukazeeka. Bado anavua, huko Mwea kwa mifereji ya mpunga, na bado hajui kuogelea.

Mwenye maoni tofauti kuhusu nyuzi aseme, sitakasirika, wengi wenu mmevua zaidi yangu. Na kama kuna mwingine hapa amewahi kushikwa na uzi wake mwenyewe, mtoni ama ziwani, atueleze alitoka namna gani, na nani alikuwa ameshika leso upande ule mwingine.